Matundu ya Sindano Namba Kumi na Sita

Chumba cha cherehani,
Ghorofa ya chini, karibu na ngazi.
Jumanne asubuhi, 12 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Kwa heshima na taadhima ninakutangazia kwamba sindano yangu namba kumi na sita, ile nene ya vitambaa vizito, imevunjika. Maziko yamefanyika kwenye kopo la vifungo.

Baada ya msiba huo, hujambo? Kifua kimeachia? Watoto wanakula? Sisi wazima, ila mimi chakula hakipiti, na shemeji yako anakula kwa niaba yangu.

Unamkumbuka binti wa maabara, anayefuga bakteria wa zambarau kwenye chupa? Mwezi uliopita aliniletea kitambaa kizito cheusi nimshonee pazia la kabati lake. Nikamuuliza, "Kwani wanaona haya?"

Akacheka. "Mama, hawa wanakula mwanga."

Akanieleza mpaka nikashika. Jeni zao zina maelekezo ya kutengeneza vyombo vya kulia mwanga. Hewa ikipungua, maelekezo hunakiliwa na vyombo vikatengenezwa. Lakini ipo protini iliyo kama kufuli: ikikalia jeni, hakuna kunakili. Gizani, protini nyingine huishika hiyo kufuli isikae. Ukiwapiga mwanga wa buluu, mshikaji anaachia, kufuli inakaa, kazi inasimama. Mlaji wa mwanga anafungiwa jiko na mwanga! Eti ukizidi unawaunguza, ndiyo maana wanajihadhari.

Yeye anapima kunakili kunakofanyika gizani. "Usipite hata mwanga wa tundu la sindano," akaniambia. Nikaapa.

Sasa sikia. Upande mmoja niliushona kinyume, nikaufumua wote. Kitambaa kile kina mpira kwa ndani, kikitobolewa hakisamehe. Nilipokiinua dirishani, matundu yalijipanga yakinitazama. Nikayaziba kwa dawa nyeusi ya viatu, nikampelekea hivyohivyo. Usicheke.

Jana mfagiaji wa maabara alikuja kuchukua suruali yake. "Kule hakukaliki," akasema. "Chupa zimegoma. Ziko gizani, lakini jeni zimejifunga kana kwamba ni mchana. Binti kapewa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo afungashe virago."

Nikajichoma kidole. Adhuhuri ukaingia ujumbe wa binti: nifike leo saa mbili, kuhusu pazia. Basi, hakuna neno jingine.

Mdogo wangu, naogopa. Nikisema, ndiyo nimekiri kumharibia masomo mtoto wa watu. Nikinyamaza, ataanza upya nyuma ya matundu yaleyale. Nimeamua kusema, miguu ndiyo bado haijaafiki. Kila anayeshuka ngazi nadhani ni mtu wa maabara anakuja kunifuata. Tangu alfajiri nimeshona mfuko mmoja, nao nimeuziba mdomo.

Mama usimwambie. Msalimie shemeji na wanangu wote, na shangazi umsalimie kwa sauti, masikio yake unayajua. Mungu awasitiri kwa pazia lililoshonwa vizuri kuliko langu.

Wako akupendaye,
Dada yako fundi

Nyongeza, saa tano: Nimerudi. Niliungama yote nikiwa bado mlangoni, pamoja na dawa ya viatu. Binti akanisikiliza mpaka mwisho. Chupa alikuwa amezifunika kwa boksi la katoni lenye matundu ya kushikia. Pazia bado limo kwenye mfuko niliompelekea nalo, halijatundikwa hata siku moja. Aliniitia nilipunguze: ni refu kwa sentimita nne.