Mama Dirishani, Uliyekataa Kusubiri

Mwaka mzima umekatika leo, mke wangu, tangu ulipotutoka Ijumaa ile asubuhi, siku kumi na nane kabla ya tarehe uliyoizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni. Ilikuwa tarehe ya kutetea tasnifu yako ya uzamili. Kalenda tumeshabadilisha. Ile ya zamani binti yako ameikunja akaiweka kabatini, na hataki mtu aiguse.

Mimi mumeo, Fundi, ndiye niliyeshika kalamu. Watoto wako wawili wamekaa hapa mezani wananisahihisha kila mstari, maana unawajua. Binti amesema nisitie chumvi. Nimemwambia habari za mama yake hazihitaji chumvi, tena nyingine itabidi nizipunguze ili watu waamini.

Kwa wasiokujua, niwaambie. Ulikuwa mfamasia hospitalini, dirisha la pili la dawa, kwa miaka ishirini na mmoja. Wagonjwa walikuita Mama Dirishani hata walipokukuta sokoni umesimama mzima mzima, hakuna dirisha. Ulikuwa hutoi dawa ya mtoto mpaka mama yake arudie maelezo kwa mdomo wake mwenyewe. "Haya, niambie. Kijiko kimoja, mara ngapi?" Foleni ikinung'unika, wewe unasubiri. Mpaka siku moja mama mmoja akakuuliza, "Kijiko kipi?" Swali hilo ulikuja nalo nyumbani, ukalala nalo, ukaamka nalo.

Ndivyo ulivyoingia chuo kikuu ukiwa na miaka arobaini na saba. Ulitaka kujua watu wanawapimia watoto dawa kwa vijiko gani huko majumbani, na makosa yanatokea wapi. Mimi nilicheka. "Chuo kizima kitakaa kikao kuhusu vijiko?" Ulinitazama tu, nikajua kicheko changu kimekwisha kazi. Chuo kiliwapa wanafunzi wa jioni miaka minne. Asiyekabidhi tasnifu ndani ya hiyo minne anafutwa, awe na sababu asiwe na sababu.

Sasa, mtu mwenye kazi ya kutwa, watoto wawili, mume mlalamishi na miaka minne ya kuhesabu angefanya nini? Angefunga kibwebwe, aweke kando mengine yote. Ndivyo nilivyodhani mimi. Wewe wiki ile ile ya kujiandikisha ulibandika karatasi kwenye mlango wa kabati la jikoni, yenye mambo matatu: Kumaliza tasnifu. Kwenda kwa mama kwa baiskeli. Kushona gauni moja mwenyewe, Fundi asiguse.

Jamani! Baiskeli hukuwahi kuipanda tangu uzaliwe. Na kwa mama yako ni kilomita ishirini na mbili, na mlima katikati.

"Maliza kwanza," nilikuambia. "Hayo mengine yatakuja." Sijui nilisema hivyo mara ngapi. Binti anasema kila Jumamosi, na mdogo wake anatikisa kichwa kuunga mkono, basi nakubali. Wewe jibu lako lilikuwa moja: "Fundi, nikiacha baiskeli, kitabu nacho kitanishinda." Mimi nikasema huo ni uvivu uliovaa suti. Nisamehe.

Mlinzi wa getini ndiye aliyekufundisha, saa ya mapumziko ya mchana, kwenye uwanja wa magari wa hospitali, wewe na koti lako jeupe. Wanasema alikuwa mkali kuliko profesa. "Mama Dirishani, gurudumu halikimbii, usilitazame! Tazama mbele!" Wagonjwa wakakupigia makofi kutoka kwenye mabenchi. Uliangukia maua ya daktari mkuu mara mbili. Ulirudi nyumbani goti limefungwa bandeji uliyojifunga mwenyewe, nadhifu kweli kweli, na uso umechangamka kama wa msichana. Kesho yake alfajiri uliandika kurasa tatu. Niliona, nikajitia hamnazo.

Kwa kawaida ilikuwa ukurasa mmoja kabla ya chai. Ukurasa ukikataa, hukugombana nao. Ulikunywa chai yako ukaenda kazini. Jioni ulinisomea kwa sauti, umekaa kwenye kile kiti kando ya cherehani yangu. "Ukielewa wewe, Profesa hana kisingizio." Profesa ni msimamizi wako. Sentensi ikizidi urefu nilikuambia, "Hapo kitambaa kimebaki, kata." Ukakata. Profesa akakusifu kwamba unaandika wazi, nawe hukumwambia mkasi ni wa nani. Hilo nalo tumesameheana.

Gauni ulilimaliza mwaka wa pili. La bluu, mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia, na zipu imejikunja mgongoni. Ulilivaa kazini. Vidole vyangu viliwasha wiki nzima, lakini karatasi ilisema nisiguse.

Mwaka wa tatu ukaupanda mlima. Uliondoka asubuhi hujamwambia mtu ila mimi, na mimi niliapa kwamba utarudi juu ya lori la mtu. Ulipofika kwa mama yako, jasho linatiririka, yeye alitupa ungo aliokuwa ameushika. "Nani kafa?" "Hajafa mtu, mama. Nimekuja kunywa chai." Bibi amekisimulia kisa hicho kwa kila mgeni tangu siku ile, na kila mara kilomita zinaongezeka.

Sasa nifike pale ambapo binti ananitazama kwa jicho la pembeni.

Ulikuwa umekusanya vijiko tisini na vinne, kutoka nyumba tisini na nne. Kila mama alikupa kijiko kile kile anachopimia dawa, nawe ukamwachia kipya. Kila kijiko ulikizungushia plasta kwenye mpini na kuandika namba ya nyumba, ili ukilinganishe na yale uliyoandika daftarini kuhusu mama huyo na jinsi anavyopima. Bila namba, daftari halina maana. Vilikaa kwenye makreti mawili chini ya meza ya sebuleni. Profesa alipanga kuja Jumatatu kuvitazama kabla hujaanza kuvipima.

Jumapili ulikuwa zamu. Mimi nikasafisha nyumba kwa ajili ya mgeni. Nikavuta kreti, nikaona vijiko vimeganda dawa, plasta zimekuwa nyeusi, sisimizi wanatembea juu yake. Nikasema, la, mke wangu hataaibika mbele ya Profesa. Nikachemsha maji. Nikaviloweka vyote, nikabandua plasta moja moja, nikasugua, nikasuuza, nikafuta kwa kitambaa kikavu. Kisha nikavipanga mezani kwa ukubwa, vikubwa huku, vidogo kule, vinameta. Lo! Nilijisikia mume bora mtaani.

Uliingia na mkoba bado begani.

"Fundi, namba ziko wapi?"

"Namba gani?"

"Za kwenye plasta."

"Plasta nimetupa. Zilikuwa chafu."

Hukupiga kelele. Heri ungepiga. Ulikaa kwenye kiti, ukashika tama, ukatazama vile vijiko. Ilikuwa imebaki miezi saba tu kati ya ile miaka minne. Mwishowe ukasema, "Basi. Nimeacha." Ukaingia kubadili nguo.

Siku sita hukuandika hata mstari. Profesa ulimwambia asije; alipopiga simu tena, hukupokea. Chai ulikunywa umesimama. Na mimi niliyeharibu, badala ya kufunga mdomo wangu, nikarudia wimbo wangu: "Ukiiacha hiyo baiskeli utapata muda wa kuanza upya." Ulinitazama, ukatoka nje. Ilikuwa Jumamosi. Nikasikia mnyororo wa baiskeli ukizunguka, nikasema moyoni, mwanamke huyu hasikii.

Ulirudi mchana unahema. Hukunisalimia. Ulikwenda moja kwa moja kwenye vijiko ukachukua konzi nzima.

"Nimepita mtaa wa nyuma ya shule," ulisema. "Nimekutana na mama wa nyumba ya kumi na nne. Ameniuliza kijiko chake kinaendeleaje. Nikamwambia ukweli, kwamba kipo ila sikijui tena. Kacheka yule! Ananiambia, 'Mimi nakijua. Kina meno ya mwanangu.'"

Ukanishika bega. "Fundi. Wanavijua!"

Kuanzia siku hiyo ukawa unavipakia kwenye kapu la baiskeli kila Jumamosi, na jioni yoyote uliyotoka kazini mapema. Nyumba kwa nyumba, unatandika kitambaa mbele ya mama wa watu, unamwaga vijiko, unauliza, "Chako ni kipi?" Mmoja alikijua kwa kupinda, maana alikuwa anafungulia nacho makopo. Mwingine kwa alama ya kuungua. Mmoja alikitambua kwa kukishika tu, hajakitazama, akasema kijiko hicho kimekesha naye kwa watoto watatu. Kwa wiki tisa ulipata wenyewe wa vijiko tisini na kimoja. Watatu walikuwa wamehama. Na huko huko ukagundua jambo ambalo hakuna swali lako lililoligusa: karibu kila nyumba ina kijiko kimoja cha dawa, kinajulikana, hakichanganywi na vingine, na anayekijua ni mtu mmoja tu. Asipokuwepo yeye, ndipo vipimo vinapopotea. Hiyo ikawa sura ya tano. Profesa alisema ndiyo iliyobeba kazi nzima.

Kwenye ukurasa wa shukrani uliandika: "Namshukuru mume wangu, ambaye bila usafi wake sura ya tano isingekuwepo." Uliponisomea nilitoka nje nikajifanya naangalia mvua.

Ulikabidhi tasnifu zikiwa zimebaki siku kumi na moja muda kuisha. Tulipiga picha mimi na wewe na ule mzigo wa karatasi katikati yetu kama mtoto mchanga. Chuo kikakupa tarehe, ukaizungushia wino mwekundu.

Kisha kifua. Ulisema ni mafua. Wewe uliyewafukuza watu dirishani kwa kuchelewa kumwona daktari, ukachelewa. Ulilazwa siku sita katika hospitali yako mwenyewe, wenzako wa dirisha la pili wakipanda ngazi kwa zamu kukuletea dawa badala ya kumtuma mtu. Siku ya kwanza uliniuliza, "Zimebaki ngapi?" Nikasema ishirini na nne. "Zinatosha," ukasema. Hazikutosha, mke wangu.

Profesa alikuja msibani. Alikaa kwenye kile kiti cha kando ya cherehani, hakuna aliyemwelekeza, na akatueleza kwamba kanuni haina mlango: asiyetetea hapewi shahada. Alilia kuliko mashangazi. Binti yako akasimama mbele ya watu wote akasema, "Miaka minne! Kwa karatasi ambayo hakuipata! Si angepumzika tu?" Naye wakati huo alikuwa na barua yake ya kukubaliwa uzamili mkobani. Akaapa hataingia darasani tena. Miezi ikapita, barua ikakaa humo humo, na kila nilipoigusa habari hiyo aliniambia, "Baba, mama alisoma akapata nini?"

Mimi ni fundi wa nguo, maneno ya kumjibu ulikuwa nayo wewe. Lakini siku moja tunakunja mashuka yako, jibu likanitoka lenyewe.

"Mwanangu," nilimwambia, "miaka yote minne mimi nilimwambia mama yako asubiri, amalize kwanza. Angenisikiliza, tungemzika bila shahada, bila kufika kwa bibi yako kwa baiskeli, bila gauni, bila lolote. Angekufa anasubiri. Hakunisikiliza. Nilimwona mama yako miaka ile minne, nawe ulimwona. Hatukupata kumwona hivyo kabla."

Alikaa kitandani na shuka mikononi akalia sana, nami nikalia. Kazi yako ipo maktabani chuoni, Profesa amehakikisha, na pale dirisha la pili sasa kila mama wa mtoto anaulizwa kwanza nyumbani kijiko cha dawa kinajulikana na nani. Shahada hawakutoa. Inatuuma mpaka leo, na hatutajifanya haituumi.

Wiki iliyopita binti alikuja dukani kwangu. Amejiandikisha. Masomo ni ya jioni, miaka minne ile ile. Alisimama mlangoni na begi la michezo, maana unajua anavyopenda mpira wa wavu, akaanza kuzungukazunguka.

"Baba, ratiba imebana. Nafikiri niache mpira mpaka nimalize. Au unaonaje?"

Nilishusha mkasi.

"Thubutu!" nikamwambia.

Basi tunaokukumbuka ni mimi mumeo Fundi. Binti yako, ambaye ameinuka mezani sasa hivi kwenda mazoezini. Mwanao wa sekondari. Mama yako mzazi, ambaye siku hizi anasema ulikuja kwa baiskeli kilomita hamsini. Kaka zako na wake zao, mawifi zako, mashangazi, wajomba na wajukuu wa ukoo. Mlinzi wa getini, wenzako wa dirishani, Profesa, na kina mama wa nyumba zote ulizopita.

Tutakukumbuka siku zote, Mama Dirishani. Hatutasubiri tumalize kazi kwanza.