Kilo Zangu na Kampira ka Velo

Jumapili, 8 Juni 2025

Nimeshinda tombola ya parokia. Mimi! Mimi ambaye hata kwenye karata watoto wangu walikuwa wananipiga.

Nilikuwa nataka zawadi ya pili, mbuzi. Nimepata ya kwanza — velo, baiskeli. Iliachwa na ingénieur mmoja mzungu aliyemaliza mkataba wake. Velo ya milimani, ina amortisseur, vile vyuma vya kumeza mashimo, mbele na nyuma. Padri alipoiegemea kidogo mbele ya watu, iliinama, ikainuka, kama imepiga goti. Makofi! Halafu sauti ya mama Bilonda wa chorale, kwaya yetu, juu ya zote:

— Sasa ile velo itabeba makala wapi? Haina hata porte-bagage!

Kweli. Hapa Kolwezi velo isiyobeba magunia mawili ya makala ni velo ya nini? Josias Kabemba naye, rafiki yangu, hakuniacha:

— Itabeba Donatien. Ye mwenyewe eko magunia mawili.

Kanisa zima likacheka. Tumerudi nyumbani tunaisukuma. Micheline, mke wangu, alibaki nyuma. Alikuwa anamsindikiza mbuzi kwa macho.

Jumatatu, 9 Juni

Niandike, maana hakuna pengine pa kulisema. Ijumaa daktari wa kampuni alinipima tension, presha ya damu: 17 kwa 11. Akaningojesha, akapima tena. 17 kwa 11. Ni mtu mpole, hakupandisha sauti. Alisema dumper, lori la mgodi la tani mia, hawezi kumwachia mtu ambaye damu yake inaweza kumlaza kwenye usukani. Nirudi Ijumaa, tarehe 29 Agosti. Ikiwa juu ya 14 kwa 9, hasaini karatasi yangu. Bila karatasi nashuka kwenye dumper. Labda watanipa kazi ya lango, kuinua barrière. Miaka ishirini na miwili kwenye usukani, halafu niwainulie wenzangu mti wapite!

Dawa amenipa. Chumvi ameniondolea, na mafuta ya mawese pia. Kilo zishuke. Niogelee — wapi, Lualaba? — au nipige velo.

Siku mbili baadaye napewa velo. Juu huko kuna mtu anapenda mzaha.

Micheline sijamwambia. Nimemwambia ni michezo tu. Nitamwambia. Sio leo.

Jumamosi, 14 Juni

Josias amekuja kuiweka sawa. Kwenye garage ya mgodi kazi yake ni suspension za dumper, yale mapipa ya chuma yenye mafuta na gesi yanayobeba gari lote. Tulianza kazi mwaka mmoja. Akaizunguka velo mara tatu kama mtu anayekagua mkwe.

— Vieux, ni kitu moja na dumper yako! Kadogo tu.

Akanifundisha. Amortisseur ya nyuma ina hewa ndani, na hewa lazima ilingane na mtu. Ikipungua, inagonga chini. Ikizidi, inakurusha. Kwenye fimbo yake kuna kapete ka mpira, kembamba — kampira. Unakasukuma mpaka kaguse mtungi wa hewa. Unakaa polepole, unashuka polepole. Kampira kanabaki pale uzito wako ulipokafikisha. Unapima kwa rula, toka mtungi mpaka kampira. Inatakiwa milimita 15.

— Sasa, kilo ngapi?

Micheline alikuwa mlangoni na charahani yake. Mama Bilonda alikuwa amesimama mbele yake anapimwa kiuno. Nikasema tisini na mbili.

Josias aliniangalia tumbo. Akachukua pompe kadogo yenye saa ya kuonyesha nguvu ya hewa, iliyokuja pamoja na velo, akatia bar kumi na nne. Nikaegemea ukuta wa jikoni, nikakaa. Velo ikalia. Nikashuka. Milimita 21!

— Ile ni hewa ya mutu wa kilo tisini na mbili, akasema. Sasa tumutafute ule mutu.

Nje, kwenye sikio lake, nikakiri: mia moja na nane. Akataka kuongeza hewa. Nikamkatalia. Hewa ibaki kumi na nne, nitashuka mimi. Kwenye rula nimepaka vernis nyekundu ya kucha ya Micheline, pale 15. Nikamwambia Micheline kwa kujigamba: siku kampira kakifika kwenye nyekundu, nitakula bukari, ugali wetu, kama mtu.

Mizani sitaki. Iliyopo mtaani ni ile ya mlangoni pa pharmacie. Kabla sijashuka juu yake, habari ingeshafika Sandoa, huko mbali.

Josias ameacha sheria mbili. Fimbo ifutwe kwa kitambaa kila nikirudi, vumbi linakula joint, ule mpira unaoziba hewa. Na pompe isiunganishwe ovyo, kila mara ule mrija unakunywa hewa kidogo. Pompe imetundikwa msumarini, jikoni.

Jumatatu, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru, hakuna kazi. Nimechukua barabara ya Nzilo. Kwenda — sawa. Kurudi, kile kilima! Wabeba makala wawili wamenipita. Wao kwa miguu, wanasukuma velo zenye magunia matatu-matatu. Mimi nimekaa kwenye kiti!

— Papa, umebeba nini? mmoja akauliza.

— Najibeba mwenyewe.

— Pole, papa. Uko na muzigo.

Nimefika nyumbani miguu si yangu. Kampira: 20. Milimita moja. Wiki mbili za lengalenga, mchicha, bila mafuta — milimita moja.

Ijumaa, 11 Julai

Nimechoka. Zamu, halafu velo, halafu kufuta velo. Vumbi la Julai linaingia hata kwenye meno. Nyuma kulikuwa kunalia kama mlango wa kanisa. Josias amefungua bulon za maungio, amesafisha, ametia grisi, amekaza. Kimya. Akasema angefurahi kama na magoti yangu yangefunguka hivyo.

20 bado.

Jumapili, 27 Julai

Kampira 19! Na kola ya shati ya Jumapili inapitisha kidole.

Lakini hapa watu wakikuona umepungua hawakusifu. Wanauliza ilianza lini. Baada ya misa mama Bilonda amenishika mkono kwa huruma, ananitazama macho kama anatafuta manjano. Kisha akamvuta Micheline pembeni. Sijasikia yote. Nimesikia "hospitali" na "usifiche". Kulikuwa na mama wengine wawili wa chorale, wanatikisa vichwa.

Njiani Micheline alitangulia hatua tatu mbele yangu. Nikamtania kwamba sasa nimekuwa kijana, ajihadhari na wasichana wa Kolwezi. Hakucheka. Jioni aliweka sahani mbele yangu, bukari mlima mzima. Nilikula kipande kama ngumi ya mtoto. Alikiondoa kilichobaki bila kuniangalia.

Ilikuwa nafasi nzuri ya kumwambia. Nikaenda kufuta fimbo.

Jumamosi, 9 Agosti

Wiki iliyopita 18. Leo 17! Sikubali macho yangu, nimekaa mara tatu. 17, 17, 17. Nimemwita Micheline aone. Akasema, vizuri sana, papa Tania. Tania ni binti yetu, ameolewa Kisenge. Micheline ananiita hivyo akiwa na furaha, au akiwa na jambo.

Jumamosi, 16 Agosti

KUMI NA TANO!

Juu ya nyekundu kabisa. Nimebusu rula. Micheline alikuwa ameshaweka sufuria motoni kabla sijashuka kwenye velo. Bukari, samaki thomson wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese. Chumvi! Nilikuwa nimesahau kwamba chakula kina sauti. Alikaa mbele yangu, mkono shavuni, ananitazama nikila, kama ni yeye anayeshiba.

Daktari atasaini tu. Mtu wa tisini na mbili huyu.

Jumatano, 20 Agosti

Thomson tena. Velo sijaigusa tangu Jumamosi. Nimejipa congé.

Jumatatu, 25 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi, kabla ya zamu ya pili, nimetoka na Josias kwenye barabara mbovu ya nyuma ya lango la mgodi, yeye na velo yake ya kawaida. Kila shimo velo ilinirusha kama ng'ombe asiyetaka kufungwa. Josias alinifuata, anasikiliza. Yeye husikiliza vyuma kama daktari anavyosikiliza kifua. Akanisimamisha.

— Ile kitu iko mugumu. Uliongeza hewa?

— Hata kuigusa.

Tukarudi nyumbani. Micheline alikuwa sokoni kutafuta uzi. Josias akaunganisha pompe. Saa ikasema kumi na saba na nusu.

Josias akaigonga kwa ukucha, haikusogea.

— Vieux, akasema, hewa inajua kutoka. Kuingia peke yake haijui.

Akaishusha mpaka kumi na nne. Nikaegemea ukuta. Nikakaa, nikashuka. Sikutaka kutazama, akatazama yeye. Kumi na tisa. Kama Julai. Mwezi mzima wa Agosti ulikuwa hewa.

Josias hakunitania. Hapo ndipo nilipojua ni kubaya.

Micheline aliporudi, aliona pompe mezani. Akaweka kikapu chini.

— Ni mi.

Hivyo tu. Halafu yote yakaja kwa mara moja. Alisema kila Ijumaa nikiwa kazini alikuwa anatia, mara tano, mara sita, kidogo kidogo, kama anakaza uzi kwenye charahani. Alimwona Josias akitia hewa mara moja tu, ikatosha.

— Bale bamama ba chorale banaleta sombe hapa, "ya mugonjwa". Kwa mulango yangu! Banasema sikulishi. Bengine banasema mengine, sitarudilia. Wewe hauko nasema kitu, uko nakonda tu, uko napanda ile velo kama mutu anakimbizwa. Ulisema kampira kakifika ku nyekundu utakula. Basi nilikafikisha.

Nilitaka kukasirika. Nilijitafutia hasira, nikaikosa. Nikamwambia: 17 kwa 11. Tarehe 29. Barrière.

Alikaa kwenye kiti cha charahani. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu kabla ya mbuzi.

— Miezi tatu, Donatien. Miezi tatu uliniambia ni michezo.

Donatien! Jina hilo kinywani mwake mara ya mwisho ni siku ya ndoa. Kisha akahesabu kwa vidole: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu... Alikuwa anahesabu sahani za thomson. Akafika kidole cha tisa, akasimama, akaenda jikoni. Nikasikia anamwaga mafuta ya mawese uani, chupa nzima, yanatoka kwa gluk-gluk.

Zimebaki siku nne.

Jumatano, 27 Agosti

Lengalenga ya maji. Micheline pia anakula hiyo hiyo. Nikamwambia yeye tension yake haina shida. Akasema nani aliipima?



Ijumaa, 29 Agosti

Naandika kwenye benchi, korido ya daktari.

Tumekuja kwa miguu, velo katikati yetu kama mtoto. Muuguzi alikuwa ametuma neno nisijichoshe kabla ya kipimo. Micheline akauliza basi velo ya nini. Nikasema siiachi nyumba moja na pompe. Alinipiga bega na mkoba. Nilifurahi sana.

Kwenye kona tulikutana na mama Bilonda. Kabla hajafungua kinywa, Micheline akamwambia: Bwana yangu iko na tension, tunaenda kuipima, na sombe yako haikukuwa na chumvi, aksanti, ilimusaidia. Mama Bilonda alirudi hatua moja nyuma. Mimi pia.

Kipimo cha kwanza: 15 kwa 10.

Sio 17. Sio 14. Daktari aliangalia karatasi, akaangalia kalamu, akaifunika kalamu. Akasema nikae nusu saa nitulie, nisiongee, nisiwaze. Atapima tena, na hicho cha pili ndicho atakachoandika. Nisiwaze! Naona lango, naona ule mti, naona mikono yangu inauinua.

Dakika ishirini zimepita.

Kutoka hapa, dirishani, naona uani. Velo nimeifunga pale ukutani. Micheline amesimama kando yake na bakuli la lengalenga ndani ya kitambaa. Anaangalia kushoto. Anaangalia kulia. Anaweka bakuli chini.

Anainama, anasukuma kampira kwa kidole, mpaka mwisho, sawasawa kabisa. Anakusanya liputa lake, kitenge cha kiunoni. Aa, hapana! Amepanda. Ameegemea ukuta wa daktari, amekaa wima kama yuko kwenye kiti cha askofu. Velo imeinama. Anashuka polepole, jinsi Josias alivyosema. Anatoa mita ya kushonea shingoni, anapima.

Anapima mara ya pili.

Ameziba mdomo kwa mkono: naye amepita kumi na tano, naapa. Anainua macho moja kwa moja kwenye dirisha langu, na haraka-haraka anarudisha kampira mahali pake.

Nacheka mpaka benchi inatikisika. Muuguzi ametoa kichwa mlangoni, ananiita kwa jina la ukoo: tata Muamba, tulikuambia utulie, sasa itapanda! Ingia. Amekwisha kukunjua ule mkanda wa mkono, na mpira wa kupompea uko kiganjani mwake.

Nasema, dakika moja, mama, dakika moja tu. Kule nje Micheline ananionyesha ngumi, na yeye anacheka.