Kopo la Kahawa Juu ya Friji

Biskra, mwezi wa Mei

Dada yangu Mebarka,

Amani ikufikie huko Marseille, wewe na mumeo, na huo mgongo wako unaolalamika kumshinda mumeo. Huku tu wazima. Goti langu tu ndilo limeamua kuishi maisha yake peke yake.

Habari kubwa ni kwamba kaka yako sasa ni mwanasayansi. Jarida la utafiti wa mitende limechapa utafiti wangu, na Profesa Touhami, mhariri, hafanyi lolote bila kuniuliza. Haya, meza hivyo vigelegele. Bado nawapikia kahawa pale ofisini kwa jarida, na Profesa huniuliza kama sukari imekwisha. Lakini jina langu limo jaridani, hilo kweli, na mtende wako umo pia, kwa hiyo kaa kitako.

Yupo mwalimu kijana wa chuo, Wassila. Januari alikuja kuupima mtende wako wa kisimani, maana ulikuwa unaivisha tende wakati wenzake walishavunwa tangu Oktoba. Akaandika kurasa arobaini, zikarudishwa mara mbili. Profesa alimwambia kwamba makala kamili ya utafiti inataka miti mingi na misimu mitatu. Mti mmoja si utafiti, ni jirani. Na mkataba wake ulikuwa unakwisha Juni: asipochapa kitu, hana kazi.

Alilia jikoni kwangu hadi nikamwambia mwanangu, kahawa hii haitaki chumvi. Nikamvuta mpaka kwenye karatasi kubwa ya ukutani ninayoipangusa vumbi mwaka wa sita sasa, inayoeleza jarida linapokea nini: makala kamili, mapitio ya kazi za wengine, taarifa fupi, ripoti ya kisa, barua kwa mhariri. Nikamwonyesha kwa kijiko: ripoti ya kisa, jambo moja la ajabu, kurasa nne. Akanijibu eti, ami, hiyo ni ya watu walioishiwa. Nikamwambia basi karibu, na wewe umeishiwa. Akazipunguza kurasa zikabaki nne, Profesa akakubali. Mwishoni aliandika kwamba sababu ya mtende kuchelewa haijulikani.

Mebarka, sababu inajulikana. Ndiyo inayokuandikia barua hii.

Machi ya mwaka jana uliponipigia simu, nikaapa kwamba nimeshuka mtini sasa hivi kuupaka unga wa maua ya mtende dume, ambao bila huo jike halizai, nilikuwa mkahawani nacheza domino, tena nafungwa. Maua yakapita bure. Mei likachomoza shada moja la kuchelewa. Nikapanda kwa aibu, na kwa kuwa sokoni unga ulikwisha, nikapaka wa mwaka uliotangulia, uliobaki kwenye kopo la kahawa juu ya friji. Zile tende nilizokutumia zikakuliza, ukasema mti umekukumbuka, zilitoka humo.

Ningenyamaza. Lakini Wassila aliponionyesha kurasa zake zimepangwa tayari kuchapwa, anacheka kama bibi harusi, kahawa ikanimwagikia. Nikasema yote mbele ya Profesa. Wassila akakaa chini, akasema, ami, si bora ungenisukuma kisimani. Profesa akaniita mzee wa hasara, akauliza kama nina maovu mengine ya kilimo. Kisha akauliza kopo liko wapi. Unga uliokaa mwaka mzima ukazalisha tende? Hicho si kisa tena, akasema, hiyo ni taarifa fupi, ila upimwe kwanza. Wassila akalikimbilia kopo, kiatu kimoja hakijafungwa. Kwenye hadubini, chembe tatu katika kila kumi zilikuwa bado hai.

Taarifa imetoka wiki hii. Mkataba umeongezwa miaka mitatu. Nami nikaamriwa niandike barua kwa mhariri, mistari tisa, nayo imechapwa humo humo, kwamba mtende haukufanya muujiza, mtunzaji wake alikuwa anacheza domino. Nimekuwahi kabla binamu zetu hawajakusomea kwa simu huku wanacheka. Nisamehe. Machi hii nimepanda kweli; Wassila alishika ngazi.

Msalimie mumeo, mwambie nikimpata namfunga domino. Nawe, siku nilipokubebea masanduku yale mawili hadi stendi, uliniahidi miwani ya kusomea. Ilete sasa. Herufi za jarida ni ndogo kama sisimizi, na kila Wassila anaponisomea mistari yangu tisa, nahesabu minane. Nataka kujua ni upi anaouruka.

Kaka yako,
Belgacem