Jiko la Chuma Halitoki Katuba

Mpendwa Baba Ngoie,

Tangu tulipokuzika wamenikalisha chini mkekani, wamenifunga kitambaa cheusi, wakaniambia nifunge na kinywa. Mjane wa kwenu hajibizani na ndugu za mume mpaka kilio kiondolewe. Sawa, nimefunga. Lakini kusema na wewe hakuna aliyenikataza, hata mmoja. Basi leo nasema na wewe, na binti yetu Ngoie atasoma kwa sauti mbele ya watu wote waliokuja kuondoa kilio, kabla pombe haijamiminwa. Anayetaka kusikiliza asikilize. Anayetaka kuziba masikio, ana mikono miwili.

Nimeandika Kiswahili nilichofundishwa na masista. Maneno yenu ya hapa Katuba nimeyaacha kama yalivyotoka vinywani, maana wewe ukisemeshwa kikanisa ungecheka mpaka ukohoe.

Habari yenyewe ni hii. Kaka yako mkubwa, Yaya Banza, anataka jiko letu. Si sufuria, si babula la makaa, hapana. Anataka jiko zima ulilolijenga kwa mikono yako: meza za chuma, rafu za minyororo, bomba la moshi, tanuri, hata ile taa. Kesho analeta lori na fundi wa kukata vyuma, alipeleke Kasumbalesa kwenye nganda yake, ile baa yake, wapikiwe madereva wanaolala foleni mpakani. Alilitangaza hilo udongo wa kaburi lako haujakauka, amesimama mlangoni mwa jiko langu, kofia kichwani.

"Chuma iko ya ndugu yetu," alisema. "Muntu akikufa, bintu byake binarudia kwa benyewe."

Kwa wenyewe! Wenyewe ni nani, Baba Ngoie? Mimi ni mgeni aliyepita kuomba maji?

Hebu nikukumbushe jiko hili lilivyoanza, na wao wasikie. Kazini walikutuma kuunganisha bomba lililopasuka jikoni kule wanakokula mainjinia. Ulirudi jioni macho yanang'aa kama mtu aliyeokoka. Hukuvua hata viatu.

"Mama Ngoie, leo nimeona cuisine, jiko ya kweli! Mbao hakuna, yote chuma tupu. Sufuria zinaninginia juu ku ndoano. Bomba ya mayi iko inje, kila muntu anaiona. Na taa iko mu kikapu ya chuma, sawa ile ya atelier yetu ya kuchomea!"

Nikakuuliza, "Na muke mwenye kupika, eko wapi?"

"Muke gani? Kule banapika banaume."

Ukaendelea kusifia ndoano. Mimi nikaendelea kuchambua majani ya sombe.

Jumamosi iliyofuata, mlipomaliza salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, badala ya kupumzika kama wanaume wenzako ulichukua nyundo na patasi ukaingia jikoni kwangu. Ukuta ule niliupaka plasta mwenyewe, nikaupaka na rangi ya maziwa, na mimba ya Ngoie tumboni. Wewe ukaukwangua wote! Vumbi jekundu likajaa kwenye unga, kwenye chumvi, kwenye nywele zangu. Nilipopiga kelele ulisema, "Acha, mama. Tofali njo uzuri wa nyumba. Mu cuisine ya kisasa habapake rangi." Jirani yetu Mama Kapinga akachungulia juu ya ua, akashika mdomo: "Aka! Mama Ngoie, mulipatwa na nini? Nyumba iliungua?" Nikamwambia ndiyo, iliungua, ila moto wenyewe umevaa suruali.

Halafu vikaja vyuma. Vipande vilivyotupwa nyuma ya karakana, ambavyo msimamizi wako aliwaruhusu mvibebe, ulivileta kimoja kimoja juu ya baiskeli. Ulichomea meza ndefu ukuta kwa ukuta, juu yake bati nene ulilolisugua kwa mchanga mpaka nikajiona sura. Ulining'iniza rafu kwa minyororo ya winchi. Juu ya moto ulitengeneza mdomo mkubwa wa bati wa kunyonya moshi, na bomba lake likatoboa paa. Mwisho ukafunga ile taa yenye kizimba. Usiku wa kwanza ulipoiwasha, vivuli vya nondo zake vikajaa ukutani, nikakuambia sasa umenifunga kweli, imebaki mlinzi tu. Ulicheka peke yako.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kosa lako lilikuwa kipimo. Meza ile uliipima kwa mkanda wa suruali yako, kama meza ya kunyooshea mabomba, na wewe ulikuwa mrefu kama mti wa simu. Mimi ilinifika kifuani! Na moto ukauweka juu ya meza hiyohiyo. Hivi ni mwanamke gani wa Katanga umewahi kumwona anasonga bukari, ugali wetu, amesimama wima kama anaimba wimbo wa taifa? Bukari husongwa umekaa. Unakaa kwenye kiti kifupi, sufuria iko chini mbele yako, nyayo zinakanyaga vijiti viwili vya kuibana, mgongo na mabega yote yanaingia kwenye mwiko. Mama yako alisonga hivyo. Mama yangu alisonga hivyo. Wewe uliyeila bukari tangu unaota meno hukuwahi kutazama inasongwaje.

Nikapanda juu ya kreti la bia. Mke wa fundi mkubwa, anapika juu ya kreti la bia! Na siku ile walipokuja ndugu zako kuliona jiko jipya, mmekaa kwenye viti mnanisubiri, nikausukuma mwiko kwa nguvu inayotakiwa, sufuria ikateleza juu ya bati lako linalong'aa, ikakimbia mpaka mwisho wa meza, ikamwagika yote miguuni mwa Yaya Banza. Anakumbuka. Yumo humu, mwangalieni. Alisemaje? "Mu hii gereza yenu, hata bukari inatafuta mulango!" Wote wakacheka, na wewe ukacheka nao, mimi nikaokota bukari sakafuni na macho yananiuma.

Kesho yake nilibeba babula langu nikaenda kupikia uani. Nikapikia hapo jua, nikapikia hapo mvua, nimejifunika gunia. Katuba nzima ikapata la kusema: fundi amejengea sufuria ikulu, mke anapika nje. Ulikasirika. Uliniambia ninakuaibisha. Nikakuambia mwenye aibu ni meza yako. Tukanuniana nyumba moja, tunatumiana watoto: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako nimesikia.

Sasa hapa, Ngoie, soma polepole, ndugu za baba yako wasikie vizuri.

Jumapili moja nilikuwa uani nasonga, wewe ukaja ukachuchumaa pembeni yangu. Ukatazama mikono, ukatazama miguu, ukatazama mgongo. Kisha ukatoa kamba mfukoni ukaanza kunipima: kutoka chini mpaka goti, kutoka kiti mpaka kiwiko, na nilipomaliza kusonga ukanisimamisha ukanipima tena mpaka kiunoni. Mama Kapinga akauliza juu ya ua, "Fundi, unamushonea kanzu?" Ukamjibu bila kugeuka, "Namushonea cuisine."

Ukaingia ndani ukaikata miguu ya meza yako yote. Meza uliyojivunia mbele ya wanaume wenzako, uliifupisha mpaka ikafika kiunoni pangu mimi. Mwisho wake ukaushusha kabisa, ukatengeneza jiko la chini, na pande mbili ukachomea masikio ya chuma yanayoshika sufuria isiende popote. Mbele yake ukaweka kiti kifupi cha chuma, ukakifunika kwa kipande cha mkanda wa mpira, nisiungue nikikaa. Ndoano ukazishusha mpaka mkono wangu unapofika. Pembeni ukasimamisha tanuri ulilolitengeneza kwa pipa la mafuta, lenye mlango na komeo. Tangu siku hiyo kila ulipokata nyama Jumapili ulikuwa umeinama kama mzee, unashika kiuno, unalalamika: "Hii meza iko mufupi sawa weye!" Nami nilikujibu ukate na miguu yako, ulivyokata ya meza. Ah, Baba Ngoie, tulicheka mle ndani.

Ndiyo jiko wanalosema ni chuma ya ukoo.

Na wanajua kabisa kwamba sasa hivi jiko hilo ndilo baba wa watoto hawa. Kifua kilipokulaza, ulipokuwa huwezi kuinua hata kikombe, ni tanuri lile lililotulisha. Naamka, nakanda unga, nachoma mikate, Ngoie na wadogo zake wanaipeleka barabarani kabla ya shule. Hata wali wa kilio chako ulipikwa kwenye meza ile. Yaya Banza aliula akaomba uongezwe. Mtu akilipakia jiko lile kwenye lori, amepakia na unga wa watoto hawa, na madaftari yao, na dawa zao. Haya si maneno ya mjane mwenye huzuni, nina huzuni ndiyo, lakini hii ni hesabu ya kula na kutokula.

Unajua aliponiona machozi alisema nini? Aliwageukia wazee akasema, na sauti ya mtu mwema: "Mama Ngoie hakupendaka hii cuisine. Katuba yote ilimuona anapikia inje. Tutamuachia babula yake, alizoea." Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akaongeza methali: asiyekuwepo na lake halipo. Na mimi mkekani, kinywa kimefungwa!

Ndiyo, sikulipenda! Mbele ya Mungu na mbele ya Mama Kapinga, sikulipenda, na mpaka leo ile taa ya kizimba siipendi, na ukuta wangu wa rangi ya maziwa naulilia. Kulichukia jiko langu ni haki yangu. Nimeilipia kwa mgongo na kwa moshi. Yeye anapata wapi ruhusa ya kuchukua ugomvi wa mke na mume, akaufanya ushahidi? Tuligombana na wewe juu ya jiko hilo kwa sababu lilikuwa letu. Watu hawagombanii kitu cha jirani.

Na wewe! Usidhani nimekusahau. Nina hasira na wewe kuliko na yeye. Nilikuambia umelala pale kitandani, nimekushika mkono: sema na ndugu zako, waite, waambie mbele ya wazee nyumba na jiko ni vya watoto. Ukaniambia, "Nitabaambia. Yaya anajua." Nikarudia tena, ukafumba macho: "Yaya anajua, mama. Usinisumbue na ile maneno." Uliogopa kumkosea heshima kaka yako, ukaona ni afadhali unikosee mimi. Wewe uliyeweza kuunganisha chuma na chuma visiachane mpaka dunia iishe, neno moja lilikushinda. Ulipima goti langu, ulipima kiwiko changu, hukupima njaa ya ndugu yako. Yaya hajui, Baba Ngoie. Yaya hakuwahi kujua. Au anajua, na hilo ndilo baya zaidi.

Ninakupenda na nina hasira na wewe, na yote mawili nalala nayo kitanda kimoja.

Sasa wataniondolea nguo nyeusi. Wazee watanipaka unga, watanimwagia maji, watasema kilio kimekwisha. Kisha watangoja nishukuru, nipige magoti kwa ndugu zako kama ilivyo desturi. Nitapiga magoti, maana ni wakubwa, na mama yangu alinilea. Na nikiwa magotini hapo hapo, kinywa changu kikiwa kimefunguliwa, nitasema neno ambalo wewe ulipaswa kulisema ukiwa na pumzi: Yaya Banza, hapana. Lori lirudi tupu. Fundi wako akitaka kukata, aanze na kunieleza mimi, mbele ya watoto hawa, jina kwa jina, nani kati yao asile.

Wanasema mjane akikataa hivyo, ukoo unamtupa. Basi wanitupe nikiwa jikoni kwangu.

Lala salama, mume wangu. Huko uliko usinitumie ndoto ya kunituliza, wala usije kunisihi nimheshimu kaka yako. Ulikuwa na siku zako za kusema, ukanyamaza. Sasa nyamaza vizuri, mimi ndiye ninasema.

Mke wako,
Mama Ngoie