Sahani Nilizozipeleka Mwenyewe

Kwako Mama, uliye Morogoro,

Huku kusini majira ya kuchipua yameanza tena. Njegere zimekuja zikiwa bado kwenye maganda, bitiruti zina majani yake, na spinachi inauzwa kwa yale mafungu makubwa uliyokuwa ukiyapakata kama mtoto. Jana nilipita soko zima nikitazama chini, nikanunua mkate na maziwa, nikarudi chumbani. Mwaka mzima sasa sijapika rangi saba, ile sahani yetu ya Jumapili.

Ulikuwa ukinisimulia Jumapili ya kwanza Baba alipokuleta kwa ndugu zake, yeye amerudi kwao kutoka uhamishoni, wewe umetoka kwenu kwa mara ya kwanza. Wakakuwekea sahani ya Jumapili ya huku: wali wa manjano, boga, bitiruti, spinachi, kabichi na karoti, njegere, kuku juu yake. Ukamnong'oneza Baba, "Hiki ni chakula au bendera?" Baba akacheka mpaka wakaja kuuliza kuna nini. Miaka ilipopita, ni wewe uliyekuwa huwezi kuiacha Jumapili ipite bila rangi zote. Spinachi ukaitia nazi. Shangazi akalalamika, "Eish, makoti, unatuharibia spinachi," huku akisogeza sahani aongezwe. Alikuita makoti, bibi harusi, hata nywele zako zilipoingia mvi.

Baba alipofariki tukabaki wawili katika chumba hiki cha kupanga mtaani Bellevue, na jiko la pamoja mwisho wa ukumbi. Hapo ndipo uliponifundisha. "Bitiruti mweke peke yake," uliniambia, "huyo mmbea, atawapaka wenzake wote." Njegere tulizimenya kitandani, bakuli katikati yetu, nawe ukizila mbichi nyingi kuliko ulizotia bakulini. Nikikushika unajitetea, "Naonja kama zimekomaa, mwanangu." Hayo tu yalinitosha kuwa mtu asiyeogopa kitu.

Kisha nikapata kazi ya ukarani. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikirudi nimechoka kwa hofu tu: nimeandika jina vibaya, mkuu ameniangalia vibaya, wataniondoa kabla ya kunithibitisha. Wewe ukasema unakwenda Morogoro kumwona Bibi, mama yako, wiki mbili tu. Jumapili kabla ya safari ukaniambia, "Leo pika wewe, mimi nitakaa nitazame." Nilifurahi. Nilidhani umenikubali.

Nilipika kingi mno, kwa sababu ulizidi kusema ongeza. Ukapakua sahani, ukazifunika, ukaniagiza nizipeleke kwa majirani. Nikazipeleka, Mama. Mama Furaha, Mkongo anayetuuzia mboga, aliipokea yake kwa mikono miwili akafuta macho kwa kanga. Gogo, yule bibi kizee wa chumba cha mbele, akanipa blanketi, "Mpelekee mama, njiani kuna baridi." Fundi cherehani wa ghorofani alisimama kabisa kuipokea. Nikarudi nikikuambia, "Mama, watu wanakupenda jamani!" Ukageuka kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Wiki mbili zilipokwisha nikaenda kwa Mama Furaha kununua vitu vya kukupokea. Nilichagua bitiruti ndogo ndogo, zile tamu. Akaniuliza, "Leo uko na wageni?"

"Hapana, Mama anarudi kesho."

Akaiweka chini bitiruti aliyokuwa ameishika. "Mama gani?"

"Mama yangu."

"Mwanangu," akasema, "mama yako alishaenda kabisa. Alituaga bote. Hata ile chakula yake ya kuagana, si weye mwenyewe ulituletea?"

Ndipo aliponieleza, mbele ya wateja wake, kwamba mtu anayehama huwapikia majirani wake, wakala, wakasameheana, akaondoka bila deni la moyo. Yeye Mkongo aliijua desturi yenu. Mimi mwanao, niliyezaliwa huku, hukunifundisha. Ulinifundisha boga lisilowe maji, ulinifundisha wali usishikane, lakini hilo uliliruka. Nikafikiri labda uliliruka makusudi, tangu zamani, na wazo hilo halijaniacha.

Nilipokupigia hukukana. Ulisema, "Ningekuambia, ungeacha kazi ukanifuata." Huenda. Huenda ningelia tu usiku mmoja kisha nikakusindikiza kwenye basi kama watoto wengine wanavyowasindikiza mama zao. Hatutajua, kwa sababu uliamua peke yako kwamba mimi ni mtu wa kudanganywa. Bibi ni mzee na anakuhitaji, hilo nalielewa. Umeishi ugenini maisha yako yote kwa ajili yetu, na hilo pia nalielewa. Sielewi ni kwa nini Gogo alistahili kuagwa nami sikustahili.

Kazini walinithibitisha. Hata hivyo kila barua naisoma tena na tena kabla ya kuipeleka. Usiku naegemeza kiti mlangoni, na nikisikia watu ukumbini nasimama. Majirani wananisalimia kwa huruma, nami nakimbia huruma yao, kwa sababu wao wote walikula, wakajua, na wakanirudishia sahani wakidhani tunaelewana.

Sasa unanitumia sauti kila wiki: njoo Desemba, Bibi anakuulizia, kuna mpunga mpya. Nami nakujibu kwa maandishi, "Salama Mama, kazi nyingi." Leo nakwambia ukweli. Likizo ninayo. Sitakuja kula chakula chako, nikacheka nawe, kana kwamba wewe ulisafiri tu na mimi nimekuja kukutembelea.

Nipigie Jumapili, mchana. Usinieleze sababu, sababu ninazo zote. Niambie tu, kwa mdomo wako, "Mwanangu, naondoka. Sirudi. Niwie radhi." Uniage na mimi.

Simu zako nilikuwa sizipokei kwa hasira, ndivyo nilivyojiambia. Lakini naogopa, Mama. Mpaka leo, kwa kuwa hujaniaga, kuna sehemu yangu inayohesabu kwamba zile wiki mbili bado hazijaisha. Ukiniaga, zitakwisha.

Nipigie hata hivyo. Nitapokea.

Wako, pamoja na hasira zangu,
binti yako wa pekee