Mama, Kumbe Halikuwa Jua

Mwaitu, mama yangu,

Jarida limetoka! Lile la madaktari, ulilokuwa ukiniuliza kila Jumapili kama litakuja na picha. Halina picha, Mama. Lina maandishi madogo madogo tu, lakini jina langu liko juu kabisa na la Baba nyuma yake, na hawajalikosea hata herufi moja. Nimelisoma jikoni kwako nikicheka peke yangu, nikalia kidogo, halafu nikaweka chai.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilitaka kujua kama ni mahindi yenye ukungu yanayoharibu maini ya watu wetu. Basi nikawa napita nyumba za Kilungu jioni, naomba sahani moja ya chakula chao niipeleke maabara Nairobi. Ala! Nani atampa mtu chakula aondoke nacho bila hata kukionja? Walinifungia milango. Wakasema nimerudi kutoka chuo kikuu na digrii na uchawi. Ni wewe uliyeniokoa. Ulijifunga leso ukasema, "Wewe beba mikebe yako, mimi nitakula." Na ulikula, Mama! Isyo ya mahindi na maharagwe kwa huyu, ugali na kunde kwa yule, unamsifu mpishi na kuomba uongezwe maharagwe, mpaka kina mama wa kanisa wakawa wanagombania zamu ya kutembelewa nasi. Ulinenepa kwa ajili ya sayansi, na hakuna mahali pa kuandika hilo kwenye jarida.

Sasa nisikilize. Mwaka wa kwanza sahani zilikuwa na sumu ya ukungu, karibu kila nyumba. Mwaka wa pili, safi! Nilikuna kichwa wee. Mwishowe nikaandika kwamba mvua iliisha mapema, jua likayakausha mahindi vizuri. Wakubwa wangu wakakubali, ikachapishwa hivyo hivyo.

Jumapili iliyopita nikapeleka jarida kanisani Kilungu, nikawasomea kina mama kwa Kikamba baada ya ibada. Nilipofika pale kwenye jua, jirani yetu Mama Mwende akapasuka kicheko. "Jua gani? Ni mamako!" Kumbe kila tulipotoka nyumba ya watu jioni, wewe ulirudi huko asubuhi. Ukawaambia wachambue mahindi, yaliyobadilika rangi wayachome, wasiwape hata kuku. Wainue magunia juu ya mbao yasiguse sakafu. Halafu ukawaapisha wasiniambie, eti, "Huyu wangu anataka kuhesabu kwanza."

Mama! Umeniharibia utafiti! Nilisimama pale mbele ya kanisa, hasira zimenipanda mpaka masikioni. Si nilikueleza tusiseme neno mpaka tuwe na uhakika? Nawe ukajibu, "Sawa, Daktari," kwa ile sauti yako ya utii ambayo haijawahi kumaanisha sawa tangu nizaliwe.

Halafu nikamkumbuka Baba. Macho ya manjano, tumbo limevimba, na wewe mkononi una kadi ya hospitali, kila mara unaambiwa majibu hayajafika, rudi wiki ijayo. Tulimzika kabla hayajafika. Nikaelewa kwa nini hukutaka kungoja majibu tena, hata yakiwa yangu. Hasira ikaniisha. Nikacheka na wao mpaka nikakaa chini, na laiti ungekuwepo, Mama, ningekukumbatia kwanza ndipo nikugombeze.

Ila kuna jambo. Huko Kitui, upande wa Kwa Vonza, watu wanaugua vile vile, na maafisa wa afya wamesoma makala yangu. Wanasema hakuna haja ya kufundisha mtu, jua la mwaka huu ni kali, litafanya kazi. Watu wataendelea kula sumu kwa sababu mimi nilisema jua linatosha! Mwenzangu wa maabara ananisihi ninyamaze. Anasema nikitangaza kwamba mama yangu mzazi aliingilia kazi, nitachekwa Nairobi nzima na hakuna atakayeamini hesabu zangu tena.

Wacha wacheke. Leo asubuhi nimemwandikia mhariri. Nimemwambia mahindi ya Kilungu hayakusafishwa na jua, yalisafishwa na mwanamke mmoja aliyepita nyumba kwa nyumba. Nimeandika jina lako kamili, na mbele yake nikaweka: mama wa mwandishi.

Jibu lake litachukua miezi. Nakuahidi sitalingoja. Jumatatu naenda Kwa Vonza, naanzia nyumba ya kwanza nitakayoiona, na nitasema.

Pumzika, Mwaitu. Msalimie Baba.

Wako,
Mutheu