Swali la Tatu la Asubuhi

Kwako Kavira, binti yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo wa baba, wewe pamoja na wote unaoishi nao huko Beni, nikitumaini kwamba joto la bondeni halijakushinda wewe uliyezoea baridi ya Butembo. Naomba radhi kwa kuchelewa. Tangu uondoke imetimia miezi minne, na karatasi hii imelala kabatini muda wote huo bila neno hata moja. Ni kweli, kila Dominika tunaongea kwa simu, lakini kwenye simu tunajibizana "niko bien", yaani sijambo, upesi mno, kisha tunaagana. Ninayotaka kusema leo yanahitaji wino.

Unakumbuka asubuhi zetu baada ya kumzika mama yako? Ulikuja kwa ajili ya kilio, ukakaa miezi minane, ukifanya kazi yako hapa nyumbani. Kompyuta uliiweka juu ya kabati la vyombo, kwa sababu mtandao ulishika hapo tu. Saa tatu kamili ulisimama mbele yake. Sura za wenzako wanne zilitokea kwenye kioo, nao wamesimama, na kila mmoja akasema kwa zamu yake: jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, ni nini kinanizuia. Siku ya kwanza nilivua kofia na kuinamisha kichwa, nikidhani mnaungama.

"Papa, haiko sala," ulininong'oneza. "Tuko naambiana kazi tu."

"Na padri njo nani?"

"Hakuna padri. Njo vile tunatumika kazi yetu."

Tangu siku ile sikuacha kuuliza. Kama ujuavyo, nilifundisha katika shule ya misheni miaka thelathini na minne. Kila mwezi wa tisa niliandika mipango ya mwaka mzima, na kosa la mwezi wa tisa nililibeba hadi mwezi wa saba. Ninyi mlikuwa mnatengeneza programu ya simu kwa wapanzi wa kakao wa upande wa Mabalako, ili wajue siku ambayo gari la kukusanya kakao litafika kijijini kwao, na hakuna hata mmoja wenu aliyejua mwisho wa kazi hiyo utakuwaje. Ulinieleza kwamba njia hiyo inaitwa "agile": mnatengeneza kipande kidogo kwa majuma mawili, mnawaonyesha wapanzi, wanasema linalowakera, mnarekebisha, mnaanza kipande kingine. Katika Kifaransa tulichofundishwa na mapadri, neno hilo lilikuwa sifa ya mtu mwepesi wa viungo. Nilikutazama ukipiga miayo, nikajiuliza wepesi huo uko wapi.

Hata hivyo, kuna mambo niliyoyapenda. Siku moja mlimsikiliza mzee mmoja wa Mangina akilalamika, "Hii programu yenu inaniuliza jina ya baba yangu. Baba njo ataleta kakao?" Ulicheka hadi ukashika kabati. Kilikuwa kicheko chako cha kwanza tangu mazishi. Kesho yake swali lile lilikuwa limeondolewa. Siku nyingine mkuu wenu, Bwana Paluku, alisema mbele ya wote, "Mimi njo nilikosea, nilipima kazi vibaya." Wakurugenzi saba wa shule walinitawala, Kavira, na sikumsikia hata mmoja akisema hivyo.

Lakini niliona na upande wa pili. Majuma mawili yaliisha Ijumaa, na Jumatatu mengine yalianza. Mnayaita mbio fupi. Nilikuuliza mkimbiaji anaketi wapi. Ulikula umesimama pale kabatini, sahani kando ya kompyuta, nami nikakugombeza kila mchana. Vile vikaratasi vya manjano ulivyobandika ukutani, kila kimoja kazi moja, ulijichagulia mwenyewe, na ulijichagulia vingi kuliko wenzako. Hapo ndipo sijaelewa hadi leo. Mimi nilipopewa kazi nyingi na mkurugenzi, niliweza kumnung'unikia. Mtu aliyejitwika mwenyewe atamnung'unikia nani?

Na kila asubuhi, kwa lile swali la tatu, ulijibu, "Hapana kizuizi." Betri ya sola imekufa, macho yako yamevimba kwa kumlilia mama yako: "Hapana kizuizi."

Ndipo ikaja asubuhi ile. Nilisogea mbele ya kioo, bila kubisha hodi katika kazi yako, nikasema, "Waheshimiwa, niwieni radhi. Binti huyu hawaambii ukweli. Halali, anamlilia mama yake, na betri ya nyumba imekufa."

Kisha Bwana Paluku akasema, "Asante, papa. Sasa tunajua."

Ulifunga kompyuta polepole. "Papa, hapa haiko classe yako. Umenipatisha haya."

Baada ya majuma mawili ulihamia Beni, kufanya kazi katika bureau yao. Ulisema ni kwa sababu ya umeme. Nilikubebea mfuko hadi kwenye gari.

Nakuomba msamaha. Niliyoyasema yalikuwa kweli, lakini swali uliulizwa wewe, na kinywa cha kujibu kilikuwa chako. Sijathubutu kukuuliza kilichofuata, kwa hofu kwamba wenzako walikuhesabu dhaifu kwa sababu yangu, na kwamba ndiyo sababu huji. Sasa nauliza. Je, waligawana vikaratasi vyako? Je, yupo mwingine kati yao aliyesema kizuizi chake baada ya siku ile, au wote wanaendelea kusema hapana?

Nakuuliza kwa sababu hii. Tangu uende, saa tatu nasimama pale kabatini na kujijibu kwa sauti. Jana nilipalilia maharage. Leo nitatengeneza mlango wa kuku. Juma lililopita, kwa swali la tatu, nilijisikia nikisema, "Hapana kizuizi," katika nyumba isiyo na mtu. Niliona haya, nikaitoa karatasi hii.

Basi hili ndilo jibu langu. Kizuizi ni meza yetu ya chakula. Ina viti sita, na tangu uondoke sijaweza kuketi hapo. Nakula nimesimama kabatini, kama ulivyokuwa ukila wewe.

Barua hii anaibeba Mama Masika wa kwaya yetu, anayeshuka Beni Alhamisi na magunia yake ya viazi. Atakungoja umalize kusoma. Kisha atakuuliza swali la tatu kwa niaba yangu, na nimemwomba, kwa heshima zote, asipokee "hapana".

Ni mimi,
Papa yako